Nuru Iliyosalia

Katika mambo ambayo mwanadamu hupewa bila ya kuyaomba na huyatumia bila ya kuyahesabu, kuona ni mojawapo la makubwa. Mtu mwenye macho mazima humimina chai katika kikombe, hufunga kifungo cha shati, hutambua uso wa jirani ng'ambo ya njia, na huruka dimbwi la maji, wala hajui kwamba katika kila tendo hilo macho yamemfanyia kazi ya mtumishi asiyelipwa ujira. Siku mtumishi huyo aondokapo ndipo bwana hutambua ukubwa wa deni lake. Chai humwagika, kifungo hukosa tundu lake, jirani hupita bila ya kuamkiwa akaondoka na kinyongo, na dimbwi hugeuka shimo. Hasara ya macho, kwa hiyo, haiji kama hasara moja. Huja kama hasara mia ndogo ndogo, na kila kukipambazuka huzaliwa upya.

Kwa karne nyingi hasara hiyo ilikuwa na majibu mawili tu. La kwanza lilikuwa la tabibu, maadamu jicho lilikuwa bado laweza kuponywa. La pili lilikuwa la sadaka, tabibu alipokwisha kusema kwamba dawa hakuna. Kati ya mlango wa tabibu na bakuli la mwombaji hapakuwa na daraja. Habari ya kujengwa kwa daraja hilo ni habari ya karne ya ishirini hasa, na ni ajabu yenye huzuni kwamba mafundi wake wengi walipatikana vitani. Kazi hiyo ya kumrudisha mtu katika shughuli zake, ingawa kilema chake hakikuondoka, siku hizi huitwa utengamao. Kila mara ilipopiga hatua mbele, ilipiga kwa sababu mtu fulani aliacha kuuliza, “Huyu amepoteza nini?” akauliza, “Huyu amesaliwa na nini, na anataka kukifanyia kazi gani?”

Arthur Pearson alikuwa mtu wa magazeti. Mwaka 1900 alianzisha gazeti la Daily Express mjini London, akapata mali na jina. Kisha ugonjwa wa presha ya macho, uitwao glakoma, ulimnyang'anya kuona kwake kidogo kidogo mpaka akawa kipofu katika utu uzima wake. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, askari walianza kurudishwa Uingereza wakiwa wamepofushwa na risasi na vipande vya makombora. Wengi walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, wenye nguvu zote za mwili isipokuwa ile moja. Mwaka 1915 Pearson aliwafungulia nyumba, na mwaka huo huo nyumba ikahamia St Dunstan's, jumba lenye bustani pana katika Regent's Park, ambalo mwenyewe, tajiri wa benki wa Marekani aitwaye Otto Kahn, alikubali litumiwe kwa kazi hiyo.

Pearson hakutaka askari wake wahurumiwe, alitaka wafundishwe. Zawadi yake ya kwanza kwa aliyepofuka ilikuwa saa ambayo mishale yake iliweza kupapaswa kwa kidole. Zawadi hiyo ilikuwa ndogo kwa bei na kubwa kwa maana. Mtu alazwaye hospitali akiwa gizani hajui usiku wala mchana. Akitaka kujua saa, hana budi kuuliza, na kila aulizapo hujikumbusha kwamba sasa yeye ni wa kuuliza. Saa ile ilimwondolea swali moja katika maswali yake mengi. Katika vyumba vikubwa vya jumba vilitandikwa vipande virefu vya zulia, mguu ukajua kwa kukanyaga tu kama umo njiani au umetoka. Askari walifundishwa kusoma maandishi ya nukta nundu aliyoyabuni Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni. Walijifunza pia kupiga mashine ya chapa, kukanda viungo vya wagonjwa, kupokea simu, kushona viatu, kusuka vikapu na mikeka, kufuga kuku, na useremala. Walimu kadha wa kadha walikuwa wenyewe hawaoni, na hilo lilikuwa somo kabla ya somo: mwanafunzi aliyedhani kwamba maisha yake yamekwisha alifundishwa na mtu ambaye maisha yake hayakuwa yamekwisha.

Mwaka 1919 Pearson alitoa kitabu alichokiita Victory over Blindness, jina lenye maana ya ushindi juu ya upofu. Alifariki dunia mwaka 1921, na kiti chake kikakaliwa na Ian Fraser, kijana aliyepoteza macho yake katika mapigano ya Somme mwaka 1916. Fraser aliiongoza kazi ile mpaka mwaka 1974. Ushindi wa Pearson, hata hivyo, ulikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ulikuwa kizingiti cha mlango. Ndani ya nyumba yenye vipande vya zulia, askari alikwenda apendapo. Nje, katika njia zenye magari, farasi na ngazi zisizotarajiwa, aghalabu alitembea kwa kushika mkono wa mtu mwingine. Alikuwa na kazi mikononi, lakini miguu yake ilikuwa bado ya kuazima.

Palikuwa na watu waliolifikiri jambo hilo. Ujerumani ilifungua shule ya mbwa viongozi katika mji wa Oldenburg mwaka 1916. Bristol, katika Uingereza, mpiga picha mmoja aitwaye James Biggs, aliyepofuka kwa ajali, aliipaka bakora yake rangi nyeupe mwaka 1921 ili waendesha magari wamwone. Paris, mwaka 1931, bibi mmoja aitwaye Guilly d'Herbemont aliwagawia wasioona fimbo nyeupe, na desturi hiyo ikaenea katika nchi nyingi. Lakini weupe wa fimbo uliwafaa zaidi wenye macho. Uliwaambia waonao, “Jihadharini, huyu haoni.” Haukumwambia asiyeona habari yoyote ya njia iliyo mbele yake.

Habari hiyo ilitafutwa katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1944 Richard Hoover, aliyekuwa mwalimu katika shule ya wasioona ya Maryland kabla ya kuingia jeshini, alitumwa katika hospitali ya jeshi iliyoitwa Valley Forge, katika Pennsylvania, Marekani, ambako walikusanywa askari waliopoteza macho. Hoover alitazama bakora walizopewa, akaona kosa ambalo wengine walilipita. Bakora ya kawaida ni fupi na nzito kwa kuwa imefanywa ibebe uzito wa mwili. Asiyeona hahitaji kubebwa, ahitaji habari. Basi Hoover na wenzake wakafanya fimbo nyembamba, nyepesi na ndefu, iliyotoka chini ikafika kifuani mwa mwenye kuishika, wakajifunga vitambaa machoni wakaijaribu wao wenyewe.

Namna ya kuitumia ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuizoea. Mkono hukaa mbele ya kitovu, na ncha ya fimbo huchora upinde mdogo kutoka upande mmoja wa mwili hata upande wa pili. Mguu wa kushoto utangulipo, ncha hugusa kulia. Mguu wa kulia utangulipo, ncha hugusa kushoto. Kwa hiyo kila mahali ambapo mguu utakanyaga katika hatua ijayo pamekwisha kuguswa na fimbo. Shimo, ngazi, jiwe na ukingo wa njia hujulikana hatua moja kabla ya kufikiwa, na hatua moja yatosha. Sauti ya ncha ikigonga chini nayo husema: ukuta u karibu, mlango u wazi, sakafu ni ya mbao au ya saruji. Hivyo nuru iliyopotea machoni ilipata mawakili wawili, ngozi ya kiganja na tundu la sikio.

Vita vilipokwisha, ujuzi huo haukuachwa ufe. Mwaka 1948 kilifunguliwa kituo cha wasioona katika hospitali ya askari wa zamani ya Hines, karibu na Chicago, kikaongozwa na Russell Williams, askari aliyepofushwa Ufaransa mwaka 1944. Huko kutembea kulifundishwa kama fani yenye walimu wake, pamoja na kusoma, kuandika, kazi za mikono na kazi za nyumbani. Padri Thomas Carroll, aliyekuwa kasisi wa askari hao, aliandika kitabu mwaka 1961 ambamo alihesabu hasara ishirini zinazomfika mtu apofukapo, kuanzia uzima wa mwili, wepesi wa kutembea na kusoma, hata faragha na heshima ya kujitegemea. Fikira yake kubwa ilikuwa kwamba mtu aliyekuwa akiona hana budi kufiwa na nafsi yake ya zamani, naye aachwe alie msiba huo, kabla nafsi mpya haijaweza kuzaliwa. Kumfundisha fimbo mtu ambaye hajapewa nafasi ya kuomboleza ni kujenga nyumba kabla ya kuondoa kifusi.

Hayo yote yalikuwa ya watu ambao macho yao yaliharibika. Lakini vita vilileta pia majeruhi wa aina nyingine, ambao macho yao yalikuwa mazima kabisa, na hata hivyo nusu ya ulimwengu ilikuwa imewatoweka.

Wa kwanza kuwapima kwa makini alikuwa tabibu wa macho wa Kijapani, Tatsuji Inouye. Katika vita vya Urusi na Japani vya 1904 hata 1905, kazi yake ilikuwa kukadiria hasara ya kuona ya askari ili malipo yao yajulikane. Bunduki mpya za Warusi zilipiga risasi nyembamba zenye kasi nyingi, zilizoweza kupenya fuvu upande mmoja na kutokea upande wa pili na kumwacha mtu hai. Inouye alipima tundu la kuingilia na la kutokea, akachora njia ya risasi katika ubongo, akailinganisha na mahali ambapo askari hakuona. Mwaka 1909 alichapisha matokeo yake kwa Kijerumani. Katika vita vilivyofuata, Gordon Holmes, tabibu wa Uingereza aliyefanya kazi Ufaransa, aliendeleza ramani hiyo kwa majeruhi wengine, akiandika mwaka 1916 pamoja na mwenzake Lister, na tena mwaka 1918.

Ramani hiyo ilionyesha jambo ambalo mtu hawezi kulikisia kwa kujitazama. Kuona hukamilika kisogoni, katika sehemu ya nyuma kabisa ya ubongo, na kila nusu ya ubongo hupokea habari za upande mmoja wa ulimwengu kutoka katika macho yote mawili. Ubongo wa kushoto huona kulia. Ubongo wa kulia huona kushoto. Kwa hiyo aliyejeruhiwa kisogo upande wa kushoto, au aliyepatwa na kiharusi mahali hapo, hupoteza nusu ya kulia katika macho yote mawili. Mwenyewe husema, “Jicho langu la kulia limekufa.” Lakini akilifumba na kutazama kwa la kushoto, huona kwamba nusu ile ile haipo. Miwani haimfai kitu, kwa maana hakuna kasoro jichoni ya kurekebishwa. Hugonga mabega ya watu sokoni, huachia mlango ukampiga, na husahau kikombe kilichowekwa upande wake uliozimika.

Kusoma ndiko humsumbua zaidi. Katika maandishi yaendayo kutoka kushoto kwenda kulia, jicho hutazama neno moja huku likipeleleza neno lifuatalo kulia. Aliyepoteza upande wa kulia hukosa mpelelezi huyo, akawa husoma kama atembeaye ukingoni mwa ukuta asijue unakoishia. Aliyepoteza upande wa kushoto husoma mstari vizuri, lakini arudipo kutafuta mwanzo wa mstari unaofuata hupotea. Wazee wa pwani ya Afrika ya Mashariki waliozoea kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu wangeyaona mambo hayo kwa kinyume, kwa kuwa hati hizo huanzia kulia. Kilema ni kile kile, lakini madhara yake hutegemea kitabu kilicho mkononi. Kwa hiyo hakuna tabibu awezaye kujua taabu ya mgonjwa wake kwa kutazama ramani ya ubongo peke yake. Hana budi kuuliza mgonjwa husoma nini, hufanya kazi gani, na nyumba yake imekaaje.

Walther Poppelreuter, aliyewatunza askari waliojeruhiwa vichwa katika mji wa Köln, Ujerumani, aliifuata njia ya swali hilo. Katika kitabu chake cha mwaka 1917 hakutosheka na kupima mahali palipozimika. Aliwapa askari ubao wenye maumbo mengi, akawaambia watafute umbo moja, akahesabu muda waliotumia. Kutafuta ni kazi, na kazi huweza kufundishwa. Fikira hiyo ilichukua miaka mingi kukomaa. Katika miaka ya 1980 Josef Zihl, mjini Munich, aliwafundisha wagonjwa kurusha macho yao mbali na kwa upesi kuelekea upande uliozimika, badala ya kujongea kwa hatua fupi fupi zenye hofu. Nusu isiyoonekana haikufufuka. Lakini jicho lilifundishwa kuizuru, na mtu aliyezoea kuizuru mara kwa mara hakugonga tena watu sokoni kama kwanza.

Upo msiba ulio mgumu kuliko huo. Mwaka 1941 tabibu wa Uingereza aliyeitwa Russell Brain alieleza habari za wagonjwa walioumia upande wa kulia wa ubongo, ambao hawakupuuza upande wa kushoto kwa kuwa hawauoni, bali kwa kuwa kwao upande huo haukuwapo. Mgonjwa wa namna hiyo hula nusu ya chakula chake akadai kwamba sahani imekwisha. Hunyoa shavu moja. Huvaa mkono mmoja wa kanzu, na wa pili ukabaki ukining'inia. Mwenye nusu iliyozimika hujua kwamba amepungukiwa, huyu hajui. Mjini Milan, mwaka 1978, Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti waliwataka wagonjwa kama hao wafikiri wamesimama katika uwanja wa kanisa kuu la mji, uwanja walioujua vizuri, wakiwa wamelielekea kanisa. Walitaja majengo ya kulia tu. Kisha wakaambiwa wafikiri wamesimama mlangoni pa kanisa wakiutazama uwanja kutoka upande wa pili. Sasa walitaja majengo yale waliyoyaacha kwanza, na yale waliyoyataja wakayaacha. Kumbukumbu zote zilikuwamo. Kilichokosekana ni mwangalizi wa kugeukia kushoto, hata katika moyo wa mtu aliyefumba macho.

Mtu kama huyo haambiwi tu, “Tazama kushoto,” kwa maana hajui kwamba hajatazama. Mjini New York, katika chuo cha utengamao kilichoanzishwa na Howard Rusk, Leonard Diller, Joseph Weinberg na wenzao walichapisha mwaka 1977 njia yao ya kufundisha. Mstari mnene mwekundu ulichorwa pembeni kushoto mwa ukurasa, na mgonjwa alifundishwa kutosoma neno hata moja kabla ya kuuona mstari huo. Mstari ulikuwa nanga. Baadaye nanga iliondolewa kidogo kidogo, nayo desturi ikabaki. Mwaka 1998 Yves Rossetti na wenzake huko Lyon waliwavisha wagonjwa miwani yenye vioo vya kupindisha taswira kuelekea kulia, wakawataka waguse vitu kwa kidole. Mkono ulipokwisha kujirekebisha na miwani kuvuliwa, wagonjwa walielekea kushoto zaidi kuliko kwanza kwa muda.

Haifai kuyatia chumvi mafanikio hayo. Mapitio ya tafiti za mafunzo ya waliopoteza nusu ya kuona kwa kiharusi, yaliyotolewa mwaka 2011 na kurudiwa mwaka 2019, yaliona kwamba ushahidi bado ni mchache, nao uliegemea zaidi mafunzo ya kurusha macho kuliko majaribio ya kuifufua nusu iliyokufa. Tena mtu aweza kushinda jaribio la karatasi chumbani mwa tabibu, kisha akashindwa kuuona mwiko ulio kushoto mwa jiko lake. Kwa sababu hiyo walimu wenye busara hutoka chumbani wakaenda jikoni. Nanga huwa utepe mwekundu ukingoni mwa meza. Sahani hufundishwa kuzungushwa kabla ya kuondolewa. Na kuvuka njia hufundishwa njiani.

Liko kundi la tatu, nalo ni kubwa kuliko yote mawili, la watu wasio vipofu wala si waonaji wazuri. Shirika la Afya Duniani huwahesabu katika uoni hafifu wale ambao jicho lao lililo bora, hata kwa miwani, haliwezi kuona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 18, ilhali upofu huhesabiwa kuanzia pale ambapo mita 3 hushindwa na mita 60. Kati ya mipaka hiyo miwili wamo watoto na wazee wengi mno. Mwanzoni mwa karne ya ishirini wengi walidhani kwamba jicho dhaifu ni kama akiba ya unga katika kibuyu: likitumiwa sana litakwisha. Watoto walikatazwa kusoma, na katika shule nyingine wale wenye nuru kidogo walifungwa vitambaa machoni ili wasome nukta nundu kwa vidole na si kwa macho.

Dhana hiyo ilivunjwa polepole. Mwaka 1953 zilifunguliwa New York kliniki za uoni hafifu, ambazo hazikumuuliza mgonjwa aona herufi ipi ukutani tu, bali zilimpa lenzi ya kukuza na kumfundisha kuitumia. Kisha akaja Natalie Barraga, mwalimu wa Texas aliyekuwa na binti mwenye upungufu wa kuona. Aliwachukua watoto waliohesabiwa kuwa karibu na vipofu, akawafundisha kwa majuma kadha kutazama, kutofautisha na kutambua maumbo. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1964. Walipopimwa tena, ukali wa macho yao ulikuwa ule ule wa kwanza. Lakini sasa walitambua vitu ambavyo hapo mbele hawakuvitambua. Macho hayakubadilika, matumizi yake ndiyo yaliyobadilika. Nuru haikuwa unga wa kibuyuni. Ilikuwa kama lugha, ambayo kadiri isemwavyo ndivyo ikuavyo.

Ugunduzi huo uliwafungulia watu mlango wa mambo madogo yasiyo na gharama. Wali mweupe katika sahani nyeupe haupatikani. Katika sahani ya rangi ya kiza huonekana. Chai iliyokolea katika kikombe cheupe hujulikana ilipofika. Ukingo wa kila ngazi ukipakwa rangi ya kung'aa, mzee huteremka bila ya kushikwa. Taa ikiwekwa karibu na kitabu, ubavuni na si machoni, husaidia kuliko taa kubwa ya darini. Hakuna hata moja katika hayo linalotibu jicho, na kila moja hurudisha tendo.

Afrika ya Mashariki iliingia katika habari hii kwa mlango wa shule. Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya wasioona huko Thika, Kenya, mwaka 1946, na mwaka 1950 ikaanza shule ya Buigiri, katika Dodoma, Tanganyika ya wakati ule. Mwaka huo huo wa 1950 John Wilson, Mwingereza aliyepofushwa na mlipuko katika maabara ya shule yake mwaka 1931 akiwa na umri wa miaka 12, aliongoza kuanzishwa kwa chama cha wasioona wa Jumuiya ya Madola, ambacho kazi yake kubwa ilikuwa katika nchi kama hizi. Shule hizo zilipokea watoto ambao nyumbani wengine wao walifichwa, zikawapa nukta nundu na ufunguo wa elimu.

Lakini katika shule za wasioona za Tanzania, Buigiri ikiwa mojawapo, wamesoma pia watoto wenye ualbino, na hao si vipofu. Macho yao hukosa rangi ya kuzuia mwanga, hucheza yenyewe, na hayaoni mbali. Lakini wengi wao wakisogeza kitabu karibu, au wakipewa lenzi, husoma maandishi ya kawaida. Kumfundisha mtoto kama huyo kwa vidole peke yake ni kurudia kosa la kitambaa cha macho. Kumweka nyuma katika darasa la kawaida, mbali na ubao, chini ya dirisha lenye jua, ni kosa la pili lililo sawa na la kwanza. Kofia yenye ukingo mpana, miwani ya kupunguza mwanga, kiti cha mbele, na mwalimu asomaye kwa sauti anachoandika ubaoni: kati ya vitu hivyo na kukosekana kwake iko tofauti ya mtoto aitwaye mjinga na mtoto ashindaye mtihani. Mtoto huyo ni yule yule, na macho yake ni yale yale.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana upungufu wa kuona, na kwamba kwa watu wasiopungua bilioni 1 kati yao upungufu huo ungaliweza kuzuiwa au bado haujashughulikiwa. Tabibu ana deni lake katika hesabu hiyo, nalo ni kubwa. Lakini hata akililipa lote, watabaki wale ambao dawa yao haipo, na kwa hao deni ni la mwalimu, la seremala, la mpishi, la jirani na la serikali.

Wahenga walisema, “Kabla hujafa hujaumbika.” Methali hiyo aghalabu husemwa kwa kumwonya mzima asimcheke mwenye kilema, kwa kuwa kesho yaweza kuwa yake. Onyo hilo ni la haki. Walakini methali ina uso wa pili: aliye hai bado anaumbwa. Askari aliyepewa saa ya kupapasa, mzee aliyefundishwa kugeukia mstari mwekundu, na mtoto aliyefunguliwa kitambaa machoni, hakuna hata mmoja wao aliyerudishiwa alichopoteza. Kila mmoja alikutana na mtu aliyeamini kwamba kuumbwa kwake hakujaisha, akaichukua nuru iliyosalia, kama ni ya jicho, ya kidole au ya sikio, akamwonyesha namna ya kumimina kwayo kikombe chake cha chai.